Meno Kumi na Saba

Jina lake Mujinga. Usicheke, wewe unayesoma:
kwetu ni mtoto aliyezaliwa na kitovu
kimemzunguka shingo, kama mnyororo.
Na baiskeli, hapa Lubumbashi, tunaiita kinga.
Basi Jumamosi ile, jua halijawa kali,
Mujinga alikuja na spana tatu za kuazima
kuivua kinga yangu gia zake.

"Babu, gia kumi za nini?
Katuba yote hii ni tambarare kama meza."

Nikamwambia kila gia ina jina.
Hii ni kilima cha kuingia Likasi.
Hii ni upepo wa Agosti, vumbi hadi kooni.
Hii ni siku niliyofika wa nne
nikapewa mbuzi wa mtu wa tatu,
maana wa tatu alionekana
ameshikilia gari la bia.

Alisikiliza yote, nati mbili mdomoni.
Kisha akakata.

Nyaya zilitoka kwenye mirija yake
zikiwa bado zimejikunja, hazijui kwamba kazi imekwisha.
Derayere ikaangukia kiganjani mwangu,
nyepesi kuliko nilivyoikumbuka.

Friwili ilikataa.
Kutu ya miaka thelathini haiombwi kwa maneno mazuri.
Tukaipeleka kwa Mwansa anayechomea mageti,
umeme haupo, yeye amelala juu ya benchi,
tukaibana kwenye jiliwa lake
tukageuza gurudumu zima, watu wawili,
kama usukani wa lori lililokwama.
Ta!
Nilidhani ni bega langu.
Ikatoka na harufu ya grisi ya reli,
grisi niliyoitoa kazini ndani ya soksi
nikiwa bado na kazi.

Kwenye nafasi yake: kipande kimoja cha chuma,
meno kumi na saba, na pete ya kukifunga kisilegee.
Washa mbili huku, moja kule,
hadi mnyororo ukakaa mnyoofu kama uzi wa mwashi.
"Breki ya mbele inabaki," nikasema,
"au tuachane hapa hapa."
Akaiacha. Ana huruma akitaka.

Kinga ni yangu, nikapanda wa kwanza.
Mita mia moja nilikuwa kijana.
Kwenye kona, miguu ikafanya ilivyozoea:
ikapumzika.
Pedali hazikupumzika.
Zikaninyanyua kwenye kiti
kama mama anayemwamsha mwanafunzi
kwa kumshika makwapa.

Wauza makala walikuwa wanaingia kwa njia ya Kasenga,
magunia manne, matano kila mmoja, wanasukuma,
hakuna hata mmoja mwenye gia.
"Mzee, shuka," akasema mmoja bila kugeuka,
"hiyo inakupeleka."

Tangu reli iliponiambia kaa nyumbani, tutakuita,
nimekuwa nikiserereka.
Miaka kumi na miwili, mteremko mdogo mdogo,
miguu imetulia, gurudumu linalia tu lenyewe.
Hilo sikumwambia Mujinga.
Nilimwambia kiti kiko juu mno.

Sasa anaipanda kila siku hadi Ruashi na kurudi,
na hata akinipungia mkono miguu inazunguka,
haijui kuaga.
Zamani nilimtambua kwa friwili:
tiki-tiki-tiki kwenye kona ya duka la Ngoie,
naweka maji ya bukari motoni.
Siku hizi anakuja kimya.
Jana nilishtukia amesimama mlangoni,
vumbi jekundu hadi magotini,
anauliza kama kuna chakula, na maji sijayateka.

Derayere iko kabatini, ndani ya kopo la maziwa.
Kuna usiku naitoa
naisukuma kwa kidole kale kagurudumu kake kadogo.
Kanazunguka muda mrefu sana
bila mtu.